Tuulizeni Tungali Tunajibu

Wanangu na wajukuu zangu,

Kila Februari inapoelekea ukingoni humkumbuka Mwingereza mmoja ambaye sikupata kuonana naye. Jina lake Wendy Mitchell. Alifariki tarehe 22 Februari 2024 akiwa na miaka 68, baada ya kuishi karibu miaka kumi na ugonjwa wa kusahau, huu ambao hospitalini huitwa dimenshia. Katika miaka hiyo aliandika vitabu vitatu, akazunguka Uingereza kuwasemesha wauguzi, madaktari na wanafunzi, na mwisho akafa kwa uamuzi wake mwenyewe, jambo ambalo mimi bibi yenu silikubali. Hata hivyo namkumbuka kwa heshima. Nawaandikia habari zake kwa sababu nusu yenu mnalea wazee wa watu huku Uingereza, na nusu iliyobaki mna wazee wenu wa kuwalea huko Tanga, Pemba na Mombasa, na katika nyote sijamsikia hata mmoja aliyethubutu kumuuliza mama yake anavyotaka kufa.

Wendy hakuwa daktari wala mwanasiasa. Kwa miaka ishirini alikuwa mfanyakazi wa ofisini katika hospitali za umma mjini Leeds, na kazi yake ilikuwa kupanga zamu za wauguzi. Ninyi mliofanya kazi wodini mnaijua kazi hiyo. Mpanga zamu hodari anakumbuka nani hapatani na nani usiku, mtoto wa nani anatoka shule saa tisa, nani amefiwa juzi na hafai kupangwa wodi ya wanaokaribia kufa. Huyo ndiye anayeendesha hospitali, hata kama mshahara wa mkurugenzi unasema vingine. Wendy alisifika kwa kumbukumbu hiyo. Ndoa ilipovunjika aliwalea binti zake wawili peke yake, na baada ya kazi alikuwa akikimbia kando ya mto Ouse mjini York.

Dalili zilianzia miguuni, kwa kuanguka akikimbia bila kujikwaa popote. Kwanza ilidhaniwa ni kiharusi. Kisha kichwa kikawa kizito, maneno yakawa hayaji, na siku moja alitoka ofisini kwake akasimama ukumbini asijue yuko wapi wala zile sauti anazozisikia ni za kina nani. Tarehe 31 Julai 2014 akaambiwa rasmi kuwa ana dimenshia. Alikuwa na miaka 58, na mpaka hapo alidhani, kama mnavyodhani wengi wenu, kwamba huo ni ugonjwa wa wakongwe. Akaaga kazi mapema.

Kilichomwinua, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kumwona kwenye video Keith Oliver, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule kabla ya kupata ugonjwa huohuo, akizungumza kwa ufasaha na kucheka. Kumbe mtu anaweza kuambiwa ana ugonjwa huu na bado akawa mtu. Sisi wauguzi tuliovaa sare tulikuwa hatuwaelezi wagonjwa hilo. Tulikuwa tunawapa jina la ugonjwa na tarehe ya kurudi kliniki, basi.

Akaanza kuutazama ugonjwa wake kama mtu anayetazamana na mwizi aliyeingia nyumbani: wewe unachukua nini, na mimi nifiche nini wapi. Milango ya kabati aliibandika picha za vilivyomo ndani, maana kwake kilichofungwa kilikuwa kimetoweka. Milango ya vyumba akaiondoa. Nyumba za mtaani mwake zilifanana, hivyo akaweka vigae vyenye picha ya maua pembeni ya mlango wake wa mbele ili akirudi ajue ni hapa. Kengele ya kompyuta yake ndogo ilimkumbusha kula, kwa kuwa njaa yenyewe ilikuwa imeacha kumwambia. Chumba kimoja alikifanya cha picha tu, zimepangwa ukutani kwa safu: binti zake wakiwa wadogo, nyumba alizoishi, mahali alipopapenda. Chini ya kila picha aliandika ni nani, ni wapi. Akizidiwa na huzuni alikwenda kukaa mle. Majina yalikuwa yakimtoka, lakini furaha iliyokuwa ndani ya picha ilimfikia palepale, na hilo alilirudia katika kila hotuba: matukio husahaulika kabla ya hisia zake. Ninyi mnaolea, likumbukeni mnapomvalisha mzee asiyejua jina lenu. Atasahau kuwa mlimfokea, na woga mliomtia atabaki nao mpaka jioni.

Kuna jambo lake moja ambalo huwa nawasimulia walezi wapya. Wendy alianza kuona vitu visivyokuwepo, na siku moja akamwona baba yake amesimama bustanini. Baba huyo alikuwa marehemu wa miaka mingi. Mwingine angepiga kelele, na kwetu huenda angeitwa mganga kabla ya adhuhuri. Yeye alijiwekea kanuni ya nusu saa: ukiona jambo lisiloingia akilini, ondoka, fanya kingine, rudi baada ya dakika thelathini. Likiwa bado lipo, basi lipo kweli. Na katika zile dakika thelathini za baba yake, alisema, alifurahi kumwona. Nimekaa na wagonjwa wengi wanaoita marehemu zao saa nane za usiku, na sijapata kuona mtu aliyeishughulikia hali hiyo kwa upole kama ule aliojifanyia yeye mwenyewe.

Kuzungumza kulipokuwa kunamshinda, vidole vyake viliendelea kuandika. Simu ikilia aliogopa, lakini mbele ya vitufe vya kuandikia maneno yalikuja. Ndiyo sababu aliandika karibu kila siku, na ndiyo sababu mwaka 2018 kikatoka kitabu chake cha kwanza, *Somebody I Used to Know*, alichokiandika akisaidiwa na mwandishi Anna Wharton, kikauzwa kwa wingi mno. Aliruka kwa parachuti akiwa bibi wa miaka sitini na ushei. Alitembea juu ya makaa ya moto kuchangisha fedha. Mimi nisingefanya hata kimoja, na magoti yangu yananiunga mkono.

Sasa tazameni kwetu. Ulimwenguni watu wanaoishi na dimenshia wanapita milioni 55, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, siyo Ulaya. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi wana ugonjwa huu. Wako majumbani. Mnawajua. Ni yule babu anayefungiwa chumbani wageni wakija, ni yule shangazi anayesemwa ana mambo ya kitoto. Na hao ndio wenye bahati. Kilifi wazee wenye mvi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mpaka pakawekwa mahali pa kuwanusuru huko Kaya Godoma, Ganze. Usukumani imetosha mwanamke mzee kuwa na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jiko alilopikia miaka hamsini. Fikirini bibi aliyepotea njia usiku, akakutwa uani kwa jirani yuko nusu uchi, anazungumza na mtu asiyeonekana. Muuguzi yeyote atawaambia huo ni ugonjwa. Kijiji kinaweza kutoa hukumu nyingine kabisa, hasa kama bibi huyo ana shamba ambalo mtu analimezea mate. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema waliotutangulia, na hapa anayeumbuliwa ni asiye na ulimi wa kujitetea.

Basi kufikia hapo Wendy na mimi tulikuwa kitu kimoja. Tukaachana njia kwenye kitabu chake cha tatu, *One Last Thing*, kilichotoka mwaka 2023, ambacho chote kinahusu mwisho wa maisha: nani aamue, karatasi gani ziandikwe, tiba gani mtu anaweza kukataa, na je, mtu aruhusiwe kusaidiwa kufa. Yeye aliamini aruhusiwe. Hakuwa na hofu ya kifo. Alichokiogopa ni ile hatua ya mwisho ya ugonjwa, ambapo asingewajua binti zake na wengine wangekuwa wanamwamulia kila kitu. Mwishoni mwa 2023 alianguka vibaya akavunjika mikono yote miwili, na mtu aliyekuwa akijitegemea kwa kuandika akajikuta hawezi hata hilo kama zamani. Akaamua kuacha kula na kunywa. Aliwaeleza binti zake na wauguzi waliokuwa wakimhudumia, na akaacha barua ya kuaga iliyotolewa baada ya kufa kwake, akisema wazi amekufaje na kwa nini. Kwenye barua hiyo alisema chakula hakikumsumbua, kilichokuwa kigumu kuachana nacho ni kikombe cha chai. Alisema pia kwamba kama sheria ya nchi yake ingeruhusu asaidiwe, angechagua hilo bila kusita.

Sheria haikuruhusu. Uingereza, kwa Sheria ya mwaka 1961, kujaribu kujiua si kosa tena, lakini anayemsaidia mwingine kujiua anaweza kufungwa hadi miaka 14. Baada ya Wendy kufa, mbunge Kim Leadbeater alipeleka muswada wa kuwaruhusu wagonjwa walio karibu kufa wasaidiwe. Wabunge waliupigia kura Novemba 2024, 330 kwa 275, na tena Juni 2025, 314 kwa 291. Hesabu hizo zinawaonyesha jinsi nchi nzima ilivyogawanyika. Na angalieni ajabu yake: muswada ule ulimtaka mtu awe na ugonjwa utakaomuua ndani ya miezi sita, na awe bado na akili timamu ya kuamua. Mtu mwenye dimenshia, akifika miezi sita ya mwisho, akili hiyo amekwisha kuipoteza zamani. Kwa hiyo hata kama ungepita Wendy akiwa hai, usingemgusa.

Uholanzi wao walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 2002 inamruhusu mtu kuandika mapema kwamba dimenshia ikimfikisha mahali fulani, asaidiwe kufa. Mwaka 2016 daktari mmoja aliifuata karatasi ya namna hiyo kwa mama wa miaka 74 ambaye wakati huo alikuwa haeleweki tena anataka nini. Leo anasema hivi, kesho vile. Daktari akashtakiwa. Mahakama ikamwachia huru, na Aprili 2020 Mahakama ya Juu ya huko ikasema karatasi ile ilikuwa halali kufuatwa. Mimi kesi hiyo ilininyima usingizi. Yule aliyetia sahihi na yule aliyekuwa kitandani, ni nani kati yao aliyestahili kusikilizwa? Nimewaona wagonjwa waliokuwa wakali, wasomi, wenye kuapa kuwa hawataishi wakibadilishwa nepi, wakaja kufikia hali hiyo na kumbe wanafurahia jua la dirishani na wimbo wa utotoni. Nimewaona pia waliofikia hali hiyo wakilia kutwa. Sina jibu la kuwapa hapa, na mkikutana na mtu aliye na jibu jepesi, mwogopeni kidogo.

Msimamo wangu mnaujua. Roho ni amana, mwenyewe Mungu ndiye atakayeichukua, na mimi sitaunyoosha mkono wangu kuiharakisha. Lakini msichanganye mambo. Masheikh niliowauliza, na mapadre niliofanya nao kazi, wote walinieleza jambo moja: kukataa mashine na visu visivyo na faida tena, ukakiacha kifo kije kwa wakati wake, si kujiua. Kutaka dawa ya maumivu nayo si udhaifu wa imani. Uganda walilielewa hili mapema. Daktari Anne Merriman alipoanzisha hospisi yake Kampala mwaka 1993 alianza na mofini ya kunywa, rahisi, inayochanganywa hapohapo nchini, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo waiandike wenyewe bila kumngoja daktari ambaye vijijini hayupo. Watu wengi niliowasikia wakiomba kufa, walipopata mofini na usingizi wa saa sita, waliomba uji.

Na hapa ndipo penye nasaha yangu hasa, wanangu, kwa hiyo someni polepole.

Mzee akisema, "Sitaki kuwasumbua," mnamsikia vibaya. Mnasema, "Usiseme hivyo mama, wewe hutusumbui," mnabadilisha mada, mnampa rimoti. Mnadhani mmemfariji. Mmemnyamazisha. Akisema, "Mie nishachoka, Mungu anichukue tu," mnasema, "Astaghfirullah, bibi, usijiapize." Tena mmemnyamazisha. Muulizeni: umechoshwa na nini? Kaeni kimya mpaka ajibu. Mara nyingi utasikia jambo linalotibika. Mguu unamuuma usiku. Meno ya bandia yanamkata ufizi. Tangu shoga yake afe hajapata mtu wa kuzungumza naye mambo ya zamani ya mtaani kwao Ngamiani. Alimsikia mkamwana wake akilalamika kwenye simu juu ya bei ya nepi, akidhani hasikiki. Huyo hachagui kifo. Anauliza kama bado anatakiwa ndani ya nyumba hii, na anauliza kwa njia pekee ambayo heshima yake inamruhusu. Hofu yangu kubwa kuhusu hizi sheria mpya iko hapo. Siku kufa kutakapokuwa fomu ya kujaza, wazee wangapi wataijaza kwa adabu, ili wasiwe mzigo? Wendy alilipinga hilo, akasema mtu mzima anajua anachokitaka, na kwa upande wake naamini alijua. Lakini Wendy alikuwa na binti wanaomsikiliza na mamia ya watu waliongoja kila neno lake. Bibi wa chumba cha uani hana hao.

Na msiruke upande wa pili mkadhani kila anayetaja kifo anaomba kubembelezwa. Wako walio tayari. Anakwambia nimezika wenzangu wote, nimeona vitukuu, nikizidiwa msinipeleke Dar wala India, niacheni nifie kitandani kwangu nikisomewa. Huyo amekupa zawadi, ipokee. Usilie mbele yake kiasi cha kumfanya yeye ndiye akufariji.

Ninyi vijana nanyi, neno dogo la pembeni. Nikisema tuzungumze wazi juu ya kifo sina maana ya kijana aliyekata tamaa kwa deni, mapenzi au upweke wa ughaibuni akaanza kuona kufa ni nafuu. Huo ni ugonjwa na una tiba. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua kunakwenda kinyume na katiba, na ilikuwa imechelewa. Likikufika, niamshe mimi, mwamshe jirani, nenda hospitali usiku huohuo.

Kwa nini nang'ang'ania tuulizane mapema? Niliwahi kusimama kwenye korido na watoto saba wa mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, aliyekuwa na dimenshia ya miaka na sasa homa ya mapafu. Daktari kijana alikuja na swali la kawaida: moyo ukisimama, mngependa tukandamize kifua na kumpeleka kwenye mashine? Mkubwa akasema fanyeni kila kitu. Wa pili akasema mwacheni apumzike. Wa tatu, aliyekuwa kwenye simu kutoka Muscat, akasema yeyote atakayemwacha baba afe atamjibu yeye. Dada yao mdogo, aliyemlea miaka sita, aliyemwogesha na kumlisha, hakuulizwa na hakusema. Walizozana pale mbele ya wagonjwa wa watu mpaka zamu ikabadilika. Mzee alikata roho kabla hawajaafikiana, na kwenye matanga nasikia walikaa pande mbili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya. Kila mmoja alikuwa akimkisia baba, na baba alikuwepo miaka themanini, mwenye maneno mengi, bila mtu kumuuliza.

Kwa hiyo ulizeni. Msianze na kifo, hakuna anayeingia nyumbani kwa watu kwa kupitia dirishani. Anza na aliyekufa mtaani juzi: "Unaonaje walivyomfanyia mzee fulani?" Mzee atakwambia mwenyewe, tena kwa ukali, na katika ukali huo umepata nusu ya majibu. Siku nyingine uliza akiugua sana angependa awe wapi, na nani awe karibu. Nani hamtaki karibu, hilo nalo ni swali. Muulize kama shamba liuzwe kwa ajili ya matibabu, maana hilo ndilo linalotutesa sisi: kikundi cha simu kinachanga, shamba linauzwa, mgonjwa anasafirishwa hadi Chennai, anarudi kwenye sanduku, na yeye mwenyewe angesema liacheni kwa wajukuu. Muulize azikwe wapi. Walioko huku Uingereza wanagombana kila mwaka juu ya kurudisha mwili, wengine wanasema azikwe haraka palipo karibu, wengine wanasema lazima alale na wazazi wake. Mwenye mwili ana neno, mpeni nafasi alitoe.

Mkishasikia, andikeni. Dini yenyewe inatutaka wasia uwe umeandikwa, siyo umekusudiwa. Walioko Uingereza na Wales wajue kwamba kuwa mtoto wa mtu hakukupi mamlaka ya kuamua tiba yake. Wengi wenu hamlijui hilo mpaka siku mbaya. Chini ya Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005, mtu aliyetimiza miaka 18 anaweza kumteua amtakaye kwa hati ya uwakilishi wa kudumu: moja ya mali na fedha, nyingine ya afya na matunzo, na ni hati mbili tofauti. Zinaandikwa akili ikiwa timamu na kusajiliwa serikalini. Ukichelewa, mlango umefungwa, ni mahakama tu. Anayetaka kukataa tiba fulani anaweza kuandika tamko la kuikataa, na kama tiba hiyo ndiyo inayomweka hai, tamko lazima liwe la maandishi, litiwe sahihi, liwe na shahidi, na liseme wazi kwamba linasimama hata kama uhai uko hatarini. Mengine yote, kama kuogeshwa na mwanamke mwenzako, kuswalishwa, kutolishwa nguruwe, yaandikeni pia. Hayamfungi daktari kisheria, lakini mlezi mwema atayashika, na walezi wengi mnaowajua ni ninyi wenyewe.

Na mtu akishapata dimenshia bado msimhesabu ametoka. Akili haiondoki kama taa iliyozimwa ghafla. Asubuhi anaweza kuamua jambo ambalo jioni hawezi. Muulizeni asubuhi. Muulizeni jambo moja moja, mkimtazama machoni, redio imezimwa. Sheria hiyohiyo ya 2005 inasema mtu ahesabiwe ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike vingine, na kwamba kuamua vibaya si dalili ya kutokuwa na akili. Ningependa mstari huo ubandikwe kwenye jokofu la kila nyumba yenye mzee.

Sasa yangu, msije mkasema bibi alihubiri asitende. Nikizidiwa nataka niwe nyumbani, kitanda kiwe chumba cha mbele ambako napata kelele za watu. Dawa ya maumivu nipeni bila kuhesabiana. Moyo ukisimama uacheni usimame, fomu ya daktari ipo kwenye faili la kijani chini ya televisheni. Nikiwa sikujui, jitambulishe kila ukiingia na usiniulize "mimi nani?" kana kwamba ni mtihani. Nikimwita marehemu babu yenu, msinikumbushe kuwa amekufa, nikafiwa upya kila siku. Semeni tu, "Ulimpenda, ee?" nami nitawasimulia. Nikikataa kula kwa sababu sina hamu tena, mdomo unyevu unatosha, msinilazimishe kwa kijiko. Nizikwe hapa nitakapofia, kabla ya jua kuzama ikiwezekana, na nauli ya kusafirisha maiti mkawalipie wajukuu ada.

Hati ya mali nimekwisha kuisajili. Ya afya nimemwomba mama yenu awe mwakilishi wangu, naye tangu nimwambie anajifanya hajasikia, anauliza habari za mvua. Nimempa muda mpaka Idi ipite, halafu namteua mjomba wenu, na mama yenu anajua kaka yake alivyo mwoga wa hospitali.